Nanasi, ananasi au abakashi: lipi uandike kwenye lebo yako

Mwezi uliopita mama mmoja wa Chikongola alikuja kwenye meza yangu na kapu lenye chupa nne za juisi, pamoja na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara mbili. Mimi ni fundi wa maandishi hapa Mtwara mjini. Nachora mabango, nachapa lebo, na msimu wa harusi nachapa kadi na fulana. Karatasi ile ilikuwa imeandikwa kwa peni ya bluu, herufi kubwa: JUISI HALISI YA ANANASI.

"Mama, hapa mwanzo umeongeza a."

"Sijaongeza, fundi. Mwanangu anavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kila baada ya wiki mbili na biashara zake. Kule ndivyo wanavyoliita. Halafu lisikilize lenyewe: nanasi ni la kwenye toroli, ananasi ni la dukani."

Nikamwomba aniachie kazi mpaka kesho yake. Ningeweza kumwambia tu kwamba kamusi haina hilo neno na tukaishia hapo, lakini swali lake lilikuwa la kweli. Mtu anayeuza pande mbili za mto, kwa watu wa lugha mbili na zaidi, hachagui jina kwa kufungua kamusi peke yake. Halafu wakati anaondoka aliongeza la tatu: mwanawe alimwambia wako wengine kule wanaosema abakashi, kwa hiyo kama ananasi halifai, je, hilo? Usiku ule nikayaweka maneno matatu kwenye karatasi, moja pembeni ya jingine. Nilichomweleza asubuhi ndicho hiki, ila hapa nimekirefusha kwa ajili ya wengine wenye kazi kama yake.

Nanasi na ananasi

Tuanze na nasaba, maana hapo ndipo hoja ya hadhi inapoegemea. Mama alidhani ananasi ndilo neno kamili, na nanasi ni kipande kilichokatwa na watu wa sokoni. Kwa sehemu yuko sahihi. Wareno walipolikuta tunda hili Brazili waliliita ananás, na hilo ndilo jina lililopanda merikebu na kuzunguka dunia. Mfaransa anasema ananas, Mjerumani vilevile, Mwarabu vilevile, Mturuki vilevile. Hata jina la kitaalamu la mmea huu, Ananas comosus, limeshika hapo hapo. Waliojitenga ni wachache. Wahispania waliliangalia umbo lake wakaona linafanana na lile tunda gumu la msonobari, wakaliita piña. Na Waingereza nao jina lao limejengwa juu ya msonobari huo huo.

Lakini rudi nyuma hatua moja. Wareno hawakulitunga neno. Walilichukua kwa wenyeji, watu wa lugha ya Kitupi, na kwa Kitupi tunda hili ni naná. Ile a ya mwanzo ni ya safari, imeongezeka kwenye ulimi wa Kireno. Sisi huku pwani tulipolipokea tukaiangusha a, tukatia i mwishoni kama tunavyofanya kwa maneno mengi ya wageni, likawa nanasi. Kwa hiyo mwanzo wa neno letu umekaa karibu zaidi na mwenye tunda lake kuliko wa Kireno. Nilipomwambia hivyo, mama alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe letu ndilo la zamani." Sijui kama ni haki kusema letu ndilo la zamani, lakini si kipande cha neno la mtu.

Kuangusha irabu ya mwanzo si ajabu kwa maneno yaliyopita mikononi mwa Wareno. Gereza letu linatokana na igreja, na igreja kwa Kireno ni kanisa. I ya mwanzo ikaanguka, na maana nayo ikahama mbali kabisa na sala. Hakuna anayesema leo kwamba gereza ni kipande cha igereza.

Sasa yapime kwenye sentensi, kwa sababu lebo haibebi neno moja, inabeba sentensi fupi. Nanasi liko kwenye ngeli ya li-ya: nanasi hili limeiva, mananasi haya yameiva. Ukisema ananasi, umoja unakwenda vizuri tu: ananasi hili limeiva. Wingi ndio unaoleta shida. Kwa kanuni ya andazi na maandazi, tungepata maananasi. Litamke. Ulimi unagoma pale mwanzoni, na kwa mwendo wa kawaida wa mazungumzo utaishia kusema mananasi, ambao ndio wingi wa nanasi. Yaani ukilipeleka ananasi kwenye wingi, linarudi lenyewe nyumbani. Njia nyingine ni kuliweka kwenye ngeli ya i-zi, useme ananasi hizi, lakini hapo umelifanya mgeni asiye na mahali pa kukaa.

(Wapo wanaosema nanasi hii, nanasi hizi. Nawasikia kila siku, na abiria wanaoshuka kutoka bara ndio zaidi. Kwenye mazungumzo simsahihishi mtu. Kwenye lebo na bango naandika hili na haya, kwa sababu maandishi yanasomwa na watoto wa shule, na mtoto akiona kitu kimechapwa anaamini ndivyo kilivyo.)

Wingi wetu huu una nguvu kuliko tunavyoudhani. Bukini, kwa Wamalagasi, tunda hili ni mananasy, nao wanalitumia hivyo hata kwa tunda moja. Ma ya wingi tuliyoiweka sisi kwao imegandamana na shina. Rwanda wanasema inanasi, Waganda ennaanansi, Wanyanja chinanazi. Kila mmoja ameweka kichwa cha lugha yake mbele, na shina ni lile lile lisilo na a. Mtu anayesema ananasi akidhani ndilo la kimataifa ajue kwamba huku kwetu, kwa majirani wengi, neno lililozaa ni nanasi.

Kisha kuna jambo ambalo sikulisoma popote, nililiona. Pembeni ya meza yangu anasimama kijana wa toroli. Analishika nanasi kwa majani ya juu, yale yaliyokaa kama kilemba, analisimamisha kwenye kibao na kuteremsha kisu kirefu kuanzia juu mpaka chini, ganda linaanguka kwa vipande virefu. Yanabaki macho, yale madoa ya kahawia yaliyopangwa kwa mshazari. Hayatoi moja moja. Anafuata mstari wa macho kwa kisu, anakata mfereji unaozunguka tunda zima, macho yote ya mstari ule yanatoka kwa pamoja kama kamba. Siku moja nilimwomba asubiri nihesabu mistari: inayopanda kuelekea upande mmoja ilikuwa 8, inayopanda upande wa pili 13. Kila jicho lilikuwa ua. Nanasi moja ni maua mengi, mamia kwa mananasi makubwa, yaliyoungana yakawa tunda moja. Akimaliza anakata vipande, anatia kwenye kimfuko, anauliza, "Niweke pilipili na chumvi?"

Kijana huyu neno ananasi halijui, lakini anajua jicho la nanasi, ganda la nanasi, moyo wa nanasi ule mgumu wa kati ambao wengine wanautupa na wengine wanautafuna. Neno nanasi limezungukwa na jamaa zake. Ananasi limekuja peke yake.

Nikamwomba aniitie biashara kwa jina hilo jipya kwa nusu saa. Alikubali kwa moyo mmoja. Akaita: "Ananasi! Ananasi la kukata!" Bodaboda zinapita, redio ya duka la jirani iko juu, na ile a nyepesi ya mwanzo haikufika hata upande wa pili wa barabara. Wateja wawili waliokuja wote walisema, "Nipe nanasi." Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na katika maneno yote mawili silabi hiyo ni na. Sikio linashika na-NA-si. Kinachotangulia kinapotea.

Je, ananasi halina kazi kabisa? Linayo, na kwenye kazi hiyo nalitetea. Kazi yake ni ushairi. Mshairi wa mapokeo ana ruhusa ya kurefusha neno ili mizani itimie, tunaita mazida, kama alivyo na ruhusa ya kulifupisha, ambayo ni inkisari. Chukua kipande cha mizani 8. "Nipe nanasi tamu" kina mizani 7, kinachechemea. "Nipe ananasi tamu" kina mizani 8 kamili, na msikilizaji hatashituka, kwa sababu kwenye shairi sikio limeshajiandaa kupokea neno lililovutwa. Kama kazi yako ni utenzi wa kumbembeleza mtu kwa matunda, lichukue ananasi bila wasiwasi. Kama ni chupa ya juisi, liache.

Abakashi

Hili ndilo gumu zaidi, na ndilo ambalo watu wa huku kusini tunahitaji kulijua vizuri kuliko watu wa Tanga au Bagamoyo, kwa sababu sisi ndio wenye mpaka. Watu wetu wanapita Kilambo, wengine wanazungukia Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa 2010, na wanarudi na maneno pamoja na mizigo.

Kireno kina majina mawili ya nanasi. Moja ni ananás. Jingine linaandikwa abacaxi na kutamkwa abakashi, nalo pia asili yake ni Kitupi: maana yake inakaribia kuwa tunda linalonukia sana. Mtu akisikia majina mawili anadhani moja ni la mtaani na jingine la wasomi, kama mama alivyodhani. Sivyo. Majina haya yamegawana kazi, na mgawanyo wenyewe unabadilika kulingana na mahali.

Ureno kwenyewe, ananás kwa kawaida ni lile linalolimwa visiwa vya Azori, ndani ya nyumba za vioo, dogo na la bei kubwa. Abacaxi ni lile linaloletwa kutoka nchi za joto. Brazili ni kinyume: abacaxi ndilo jina la tunda tamu la sokoni, na ananás mara nyingi linabaki kwa aina za porini au zisizopendwa sana. Huko huko Brazili abacaxi lina maana nyingine mtaani, ni tatizo linalosumbua, na kumenya abacaxi ni kutatua jambo gumu. Msumbiji utasikia yote mawili.

Sasa fikiria lebo iliyoandikwa kwa Kiswahili, JUISI YA ABAKASHI. Mtanzania hatajua ni nini. Atadhani ni parachichi kwa sababu ya ule mwanzo wa aba, au dawa ya kienyeji. Msumbiji anayesoma Kireno ataona neno lake limeandikwa kwa herufi zisizo zake, na atajiuliza kama aliyeandika anajua anachouza. Umewakosa wote wawili kwa chapa moja.

Nasema hivi kwa uhakika kwa sababu nimeona kitu kama hicho kikitokea na maneno mengine. Neno la kukopa linafaa kuandikwa kwa tahajia yetu baada ya watu kulimeza. Meza, bendera, leso, kasha, mvinyo: yote ni ya Kireno, na hakuna anayefikiria Ureno anapoyasema. Abakashi bado liko mdomoni mwa wavukaji wachache. Likija kuzoeleka miaka ijayo, mafundi watakaonifuata wataliandika.

Kuna jingine ambalo mama hakulitarajia. Wateja wa mwanawe walio karibu, kule Palma na vijiji vya mwambao, wengi Kiswahili wanakisikia na kukisema, pamoja na Kimakonde na Kimwani. Kwa hao nanasi halihitaji tafsiri. Anayehitaji Kireno ni mnunuzi wa mbali zaidi, wa Pemba ile ya Msumbiji au Nampula, na kwake Kireno kiandikwe kama Kireno, na alama yake juu ya herufi: ananás. Nilimwambia mama amuulize mwanawe swali moja tu: wanunuzi wako wenyewe, wale unaowakabidhi katoni mkononi, wanatamka lipi? Alipiga simu pale pale mezani. Jibu likawa ananás, na mmoja tu ndiye wa abacaxi.

Herufi moja iliyoleta wageni

Kabla sijafika kwenye lebo yenyewe, kuna ulinganisho mwingine ambao ningependa kila anayeuza tunda hili aujue, nao ni kati ya mananasi na minanasi.

Mnanasi ni mmea, minanasi ni mimea. Nanasi ni tunda, mananasi ni matunda. Tofauti ni herufi moja, na mwaka juzi iliniponyoka. Mteja wa barabara ya Mikindani alitaka bango la kuuza mimea ya kupanda. Aliniambia kwa simu, mtandao ukakatika katikati, na mimi nikaandika TUNAUZA MANANASI. Siku tatu watu walisimamisha bajaji kuulizia tunda, na yeye shambani ana machipukizi tu, hana hata nanasi moja lililoiva. Mtu wa nne akamwambia maneno makali kwamba anadanganya wateja. Nililirudia bango lile kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo simalizi kazi ya simu bila kumsomea mteja herufi moja moja.

Kwa mkulima herufi hiyo ni muda. Anayenunua nanasi anakula leo. Anayenunua mnanasi anasubiri: chipukizi la pembeni linaweza kuzaa baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na ukipanda yale majani ya juu ya tunda, kilemba chenyewe, jiandae kwa karibu miaka miwili. Kwa hiyo kama unauza mimea, andika MICHE YA MINANASI, na neno miche lichapwe kubwa. Na hapa angalia ananasi linavyozidi kuleta matata: mmea wake tutauita nini, mwananasi? Tayari umeshafanana na mtu.

Tunda lenye majina mengi kweli

Wakati naliandaa hili nilitambua kwamba mama alikuwa amebeba swali la tunda lisilo lake. Kwa nanasi, Kiswahili hakijagawanyika; jina ni moja na limetosha. Tunda la huku kwetu lenye ugomvi wa majina ni lile linalokaa juu ya korosho.

Nalo lilikuja kwa barabara ile ile. Mkorosho asili yake ni kaskazini mashariki mwa Brazili, na Wareno ndio walioutoa huko wakauleta Goa na mwambao wa Afrika Mashariki katika karne ya 16. Jina la Kitupi ni acaju. Wareno wakaiangusha a wakasema caju, na kwa Kiswahili likawa kanju. Angalia mambo yalivyopishana: kwenye nanasi waliongeza a, kwenye kanju wakaiondoa.

Lakini kwenye tunda hili Kiswahili hakikuishia na kanju. Kuna bibo, mabibo kwa wingi, na mti wake mbibo. Mtaa wa Mabibo kule Dar es Salaam kila mtu anaujua. Kuna kanju, makanju, na mti mkanju. Kuna korosho, ambayo ni ile mbegu yenyewe, na mti mkorosho. Tena kuna dunge, korosho changa ikiwa bado ya kijani, neno ambalo vijana wengi wa mjini hawalijui tena ingawa wamekulia chini ya miti hiyo. Kibotania mambo yamegeuka: tunda halisi ni korosho, na bibo ni kikonyo chake kilichonenepa kikajaa maji. Kwa hiyo anayeandika "tunda la korosho" kwenye chupa ya juisi ya mabibo amesema jambo ambalo mtaalamu wa mimea atalipinga na mnunuzi wa kawaida atalitafsiri kama juisi ya korosho zilizosagwa.

Hapo kuchagua ni kazi. Kanju ni zuri, fupi, na ukivuka mto linaeleweka papo hapo kwa sababu ya caju. Hapa Mtwara na Lindi, hata hivyo, watu wanasema bibo. Na bibo lina mzigo wake. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, mabibo yanaanguka mengi kuliko mtu anavyoweza kula, hayakai hata siku mbili yanaharibika, na mengi yanakamuliwa uraka, pombe ya mabibo. Mnunuzi Mwislamu akiona JUISI YA MABIBO swali lake la kwanza ni kama imechachuliwa. Nimeliona swali hilo likiulizwa mbele yangu, kwa sauti ya heshima, na muuzaji akaudhika pasipo sababu. Dawa yake si kubadilisha jina, ni kuandika chini yake kwa maneno yanayosomeka: haijachachuliwa, haina kilevi. Bibo ni tunda lenye vitamini C kuzidi chungwa mara kadhaa. Halipaswi kufichwa nyuma ya jina la kuazima kwa sababu ya kile ambacho watu wengine wanalifanyia.

Nanasi halina mzigo huo wa kuelezwa. Ndiyo maana nilimwambia mama kwamba anajitafutia safari ambayo haihitaji.

Lebo

Asubuhi nilimwekea karatasi tatu mezani, ukubwa ule ule, rangi zile zile. Ya kwanza JUISI YA ANANASI, ya pili JUISI YA ABAKASHI, ya tatu JUISI YA NANASI na chini yake kwa herufi nyembamba zilizolala, sumo de ananás. Nikazifunga kwenye chupa zake kwa gundi ya karatasi na kuzipanga kwenye dirisha, halafu tukakaa nyuma ya meza tukawaangalia wapita njia.

Wanafunzi wawili walisimama. Mmoja aliisoma ya kwanza kwa sauti, akaiangusha a bila kujijua: "Juisi ya nanasi." Ya abakashi alianza, akakwama katikati, akamuuliza mwenzake. Mzee mmoja mwenye kanzu aliziangalia zote tatu, akaigonga ile ya tatu kwa kidole: "Hii ya nanasi bei gani?" Mama akamjibu bei, akamuuzia pale pale, chupa ikiwa na gundi mbichi.

Kuhusu hadhi, nilimwonyesha kwamba haikai kwenye ile a. Alikuwa ameandika HALISI kwa herufi kubwa kuliko jina la tunda, na neno hilo kila mtu analiandika, hata aliyechanganya sukari na rangi. Tukaliondoa. Mahali pake tukaweka kile anachokifanya kweli: nanasi bivu, limemenywa na kukamuliwa siku ile ile, hakuna maji yaliyoongezwa. Alisoma mara mbili, mara ya pili midomo ikicheza. Nilimuuliza pia kama anataka sharubati badala ya juisi, kwa kuwa mimi neno hilo nalipenda na lina harufu ya pwani. Akasema sharubati kwake ni la futari na harusi, ya chupa ni juisi. Hapo yeye ndiye mjuzi, nikaandika juisi.

Tumechapa lebo 300. Katoni zinazovuka zina ule mstari wa Kireno. Za hapa Mtwara hazina, kwa sababu mstari usiosomwa na mtu unakula nafasi ya tarehe ya kutengenezwa. Kwenye karatasi yake ya daftari, ambayo bado ninayo, ile A ya mwanzo ameikata mwenyewe kwa peni ya bluu. Chini yake ameandika swali la msimu ujao: mabibo au makanju? Nimemwandikia jibu pembeni, mabibo, na nafasi ya mstari wa pili nimemwachia wazi mpaka aje aniambie ataikamua saa ngapi na ataihifadhije, ili nisichape neno haijachachuliwa kabla hajawa na hakika nalo.